Dakika za Kugawana

Vijana wangu walikuwa wanakua siku ya Ijumaa tu, alasiri, muda mfupi baada ya mimi kufunga maabara. Siku nyingine walicheza, walishinda, walifungwa, waliteguka vifundo vya miguu, lakini kukua kulingoja Ijumaa. Nyuma ya nyumba niliyopanga kulikuwa na jiwe linalotazama ziwa, na hapo ndipo mtandao uliposhika bila kubembelezwa. Nilikaa hapo na simu yangu nikingoja vishale. Kishale cha kijani mbele ya jina la mchezaji maana yake amepanda ngazi moja katika jambo fulani: kurusha, au kutoa pasi, au kumkaba mtu. Asipokuwa na kishale, wiki yake imepotea.

Huu ulikuwa mchezo wa mtandaoni wa kuendesha timu ya mpira wa kikapu. Mwenyewe huchezi. Unapewa timu ya watu wasiokuwepo, unapanga nani aanze na nani akae benchi, unaamua wiki hii mazoezi yawe ya nini, halafu kompyuta iliyo huko mbali inacheza mechi na kukuletea matokeo. Kila msimu unaletewa vijana wapya, wabichi kabisa, na kazi yako ni kuwalea. Niliokuwa nashindana nao walikuwa watu wa nchi nilizozijua kwenye ramani, nao nina hakika hawakuwahi kuona ramani yenye Mbaha, kijiji nilichokuwa nakaa.

Aliyenionyesha ni tabibu mmoja tuliyefanya naye kazi hapo kwenye kituo cha afya. Alihamishwa kabla sijajua hata kumuuza mchezaji, akaniachia timu kama mtu anavyomwachia jirani paka. Mpira wa kikapu wenyewe sijawahi kuucheza. Shuleni kwetu kulikuwa na pete moja ya chuma juu ya nguzo, haina wavu, na waliokuwa wanaitumia ile nguzo kila siku ni ng'ombe wa misheni, kwa kujikuna. Kwa hiyo mtu asije akadhani nilikuwa na mapenzi ya siku nyingi na mchezo huu. Nilikuwa na nafasi tu, nafasi kubwa mno, na hakuna mtu wa kuijaza.

Niseme wazi, nilikuwa mpweke. Mimi ni Mmatengo wa Mpepai, wa huko juu kwenye kahawa, na pale ziwani nilipelekwa na kazi. Ukitazama umbali, si mbali. Lakini watu wa ufukweni wanacheka kwa Kinyasa, wanagombana kwa Kinyasa, na mimi walinigeuzia Kiswahili kizuri, cha heshima, kile anachosemeshwa mtu anayeshika majibu yako mkononi. Kazi yangu ilikuwa kuchukua damu na kuitazama kwenye hadubini. Watu waliingia mmoja mmoja, wakanipa kidole huku wanatazama ukutani, na wakitoka walimwomba Mungu wasinione tena hivi karibuni. Siwalaumu. Harusini nilialikwa kila mara, nikaketishwa meza ya mbele karibu na mtendaji wa kata, naye ana tabia ya kusinzia. Nilikula wali wangu na kurudi nyumbani bila kusema maneno yanayozidi salamu.

Aliyezungumza nami kila siku ni mama mwenye nyumba, mjane wa makamo ya mama yangu, Mwanglikana wa kuamka na nyimbo. Alikuwa anaanika usipa, dagaa wa ziwa lile, kwenye vichanja karibu na lile jiwe langu, na mwanzoni alidhani nasemeshana na wanafunzi fulani kwa simu. Nilipomweleza kwamba hao vijana hawapo, wametungwa tu, alifikiri kidogo.

"Hata malaika hatuwaoni," akasema, "na bado tunawaombea."

Tangu siku hiyo aliwapokea. Ijumaa nikirudi, kabla sijafika mlangoni, mambo yalikuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vijana wameongezeka?"

"Wawili wamepanda."

"Na yule mfupi?"

"Yeye ndiye wa kwanza."

"Haya, tunashukuru." Akageuza usipa wake.

Yalikuwa ndiyo maongezi yangu marefu ya wiki, na niliyangoja kuliko hata vishale vyenyewe.

Huyo mfupi alikuwa na jina refu la kigeni ambalo sikuweza kulitamka, nikamwita Mfupi. Alikuja pamoja na mwingine niliyemwita Mrefu, na wengine kadhaa, katika msimu wangu wa kwanza kamili. Na hapo nilifanya kosa ambalo sidhani kama mtu wa nchi nyingine yeyote aliwahi kulifanya.

Katika mchezo ule, kijana anakua kwa dakika anazocheza. Akicheza mechi nzima anapata mazoezi kamili. Akicheza nusu, anapata nusu. Akicheza robo, ni kama amepita tu uwanjani kusalimia. Mimi nilikuwa na vijana wengi na dakika zile zile, basi nikawagawia. Kila mmoja kidogo. Huyu aanze leo, yule amalizie, kesho wabadilishane. Nilipanga mgawo ule kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kupanga jambo lolote langu mwenyewe, nikauona wa haki, nikafurahi nao. Ijumaa ikaja bila kishale. Ijumaa nyingine, bila kishale. Msimu ukaelekea kwisha na vijana wangu wote wakiwa vile vile nilivyowapokea, ila wamezeeka.

Nilijua nimeitoa wapi akili ile. Kwetu nilipokuwa mdogo, jioni chakula cha nyumba zote za ukoo kilipelekwa uani kwa babu. Mama alileta alichopika, mama mkubwa akaleta chake, na wengine hivyo hivyo, vikawekwa pamoja. Wanaume na wavulana walikaa upande mmoja, wanawake na wasichana upande wa pili, na watu wakala. Hiyo ndiyo sengu. Hapo ndipo ulipoonywa kama umeiba muwa wa mtu, hapo ndipo mashauri yalipokatwa, na hapo ndipo mtoto wa nyumba ambayo haikuwasha moto siku hiyo aliposhiba bila mtu yeyote kutambua kwamba kwao hakukupikwa. Hakuna aliyekuwa na sahani yake. Sahani ya peke yake alipewa mgeni, kwa heshima, pamoja na kiti.

Kwa hiyo niliwaweka vijana wa kompyuta kwenye sengu. Cha kuchekesha ni kwamba mimi ni mtoto wa kahawa, na kwenye kahawa najua vizuri kwamba mche ukiuachia machipukizi yote haukupi kitu. Unachagua mashina machache, mengine unayakata bila huruma. Lakini ile ni miti. Hawa walikuwa na majina na umri na picha ndogo za nyuso, na mkono wangu ukakataa.

Niliandika kuuliza kwenye ukumbi wa wachezaji, mahali wanapobishana na kushauriana. Akanijibu mtu mmoja wa nchi ya baridi, mkongwe wa mchezo, kwa Kiingereza kifupi kama cha kwangu. Alisema ameitazama timu yangu, nina vijana wazuri na hakuna hata mmoja anayecheza vya kutosha. Chagua wachache, akasema, hao wengine wakae nje. Nilichukia. Nilimjibu moyoni maneno ambayo mama mwenye nyumba asingependa kuyasikia. Halafu nikafanya alivyosema.

Kati ya Mfupi na Mrefu hapakuwa na tofauti kubwa. Mchezo unakuonyesha upeo wa kila kijana, mwisho anaoweza kufika akilelewa vizuri, na upeo wao ulikuwa sawa kabisa. Ila Mrefu alikuwa amemzidi Mfupi umri kidogo, na katika mchezo ule mdogo anakua upesi zaidi. Nikampa Mfupi dakika zote. Nikamweka Mrefu benchi.

Niliweka simu juu ya jiwe nikatazama ziwa. Nilikuwa nimeshalisikia shauri lile lile, kwa maneno karibu na yale yale, na aliyekuwa anazungumziwa nilikuwa mimi.

Tulikuwa wavulana wawili nyumbani. Kaka yangu alinitangulia, na alipomaliza darasa la saba alifaulu kwenda sekondari. Mwaka ule kahawa yetu iliingiwa na ugonjwa wa chulebuni, matunda yakakauka meusi matawini kabla ya kuiva, na hapakuwa na cha kumpeleka. Akaambiwa angoje. Akawa analima ngoro na baba, yale mashimo yetu ya kuzuia udongo usiteremke na mvua, akayachimba vizuri mpaka watu wakaja kumwazima. Kisha na mimi nikafaulu, na kahawa ikazaa. Baba alilisema jambo hilo kwenye sengu, mbele ya watu wote, kwa kuwa mambo ya namna ile hayasemwi chumbani. Alisema anayekwenda ni mdogo. Mkubwa mkono wake umeshazoea jembe, mdogo bado ni mwepesi wa kushika. Babu akaitikia kwa kichwa. Kaka yangu alikuwa karibu nami, bega kwa bega, na aliendelea kumega ugali.

Nikaenda. Nikasoma, nikaenda chuo, nikavaa koti jeupe. Familia nzima ilinilea kama mimi nilivyomlea Mfupi, mashina mengine yakakatwa ili hili moja linenepe, halafu nilipokomaa nikafaa kwa watu wengine, mbali. Baba na mama walifariki nikiwa huku huku kwenye kazi, nikawahi mazishi yote mawili, nikaondoka mara baada ya matanga. Kaka alibaki na nyumba, kahawa, mke na watoto wengi.

Na kila nilipopanda kwenda kuwasalimia, kilitolewa kiti. Kiti cha plastiki kinapanguswa kwa kanga, kinawekwa kivulini, naketishwa. Shemeji ananiletea sahani yangu peke yangu, ugali umepangwa vizuri, paja la kuku juu yake, na kijiko. Hao wengine wanakaa kwenye mkeka, kaka na watoto wake na watoto wa binamu, wamezunguka sinia moja, wanasukumana, wanaibiana mboga, wanacheka mambo ya juzi ambayo mimi siyajui. Sengu ya babu ilikwisha na babu, lakini pale kwa kaka kilibaki kipande chake. Mimi nilikitazama kutoka kwenye kiti, na paja la kuku mkononi, nikiwa na hamu ya ule ugali wa kwenye sinia.

Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nakitaka, na sikuwa na jinsi ya kukiomba. Utaanzaje? Utamwambia shemeji heshima yako inanitesa?

Mfupi, kwa upande wake, alinawiri. Ijumaa baada ya Ijumaa vishale vilimwangukia, akawa mchezaji ambaye timu za mbali zinaulizia. Mama mwenye nyumba alimzungumzia mpaka gulioni, nikaja kusalimiwa na mvuvi nisiyemjua, wa Lituhi, aliyetaka kujua kijana anaendeleaje. Nilifurahi, na furaha ile haikuwa na pa kwenda. Ukipandishwa na mchezaji wako kuwa wa kwanza kwenye ligi, unataka kumpiga mtu begani. Mimi nilikuwa na jiwe.

Kisha vishale vikaacha kuja. Alikuwa amefika upeo wake na umri umekwenda. Mshahara wake ukala timu nzima, na nyuma yake kulikuwa na vijana wapya wanaongoja dakika. Yule mkongwe wa nchi ya baridi aliniandikia bila kuulizwa: umeshamaliza kumlea, muuze, hana faida kwako tena. Ndivyo mchezo ulivyo. Unalea, unauza, unalea wengine. Mimi nilikaa msimu mzima bila kumuuza, timu ikashuka daraja, na bado nilimpanga kila mechi, kwa ukaidi.

Na Mrefu alikuwa bado yupo benchi. Hakuna aliyemtaka sokoni na mimi sikuwa na moyo wa kumfuta. Nilifungua ukurasa wake siku moja nikakuta kila kitu kipo kama siku aliyofika, hajapanda hata ngazi moja, isipokuwa umri.

Mwaka huo nilichukua likizo wakati wa kuchuma kahawa. Kabla ya kuondoka nilimweka Mfupi sokoni. Sokoni kwenyewe ni mnada: wenye timu wanapandiana, muda ukiisha aliyepanda juu zaidi anamchukua, na ukishamweka huwezi kumrudisha. Muda wake ulikuwa unaisha jioni ya Jumamosi, siku ile ile nitakayofika nyumbani. Nilipanga hivyo makusudi, niwe mahali penye watu jambo hilo litakapotokea.

"Unamwacha kijana wako aende?" mama mwenye nyumba aliniuliza. Alikuwa ananifungia usipa wa kupeleka kwetu, na samaki wawili aina ya mbasa waliokaushwa.

"Amekua, mama."

"Wangu nao walikua," akasema, akakaza kamba.

Nilifika Mpepai mchana, nimevuka Mbinga mjini bila hata kushuka kunywa chai. Kaka alikuwa kwenye kichanja anageuza kahawa iliyomenywa, mikono imeloa utelezi wake. Alikuwa amekonda shingoni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, marahaba. Umefika. Watoto, leteni kiti."

Kiti kikaja. Shemeji akatoka jikoni akipiga goti kunisalimia, akakipangusa, akaniita daktari. Watoto wakapita mmoja mmoja na shikamoo zao, baba mdogo shikamoo, baba mdogo shikamoo, kisha wakakimbilia kwenye mambo yao. Nikakaa kivulini nikiwa na viatu safi, natazama kahawa ambayo nilijua kuigeuza kabla sijajua kusoma. Niliposimama kusaidia, kaka alisema nipumzike, nimetoka safari.

Nikatoa simu. Pale uani mtandao haukushika, lakini ukurasa wa timu ulikuwa umebaki wazi. Kaka alikuja akasimama nyuma yangu akipangusa mikono kwenye suruali.

"Kila ukija unamtazama huyo huyo. Ni nani?"

Nikamweleza. Sikuwahi kumweleza kabla, niliona aibu, mtu mzima na vijana wa kutungwa. Nilimweleza dakika na vishale, na jinsi nilivyoanza kwa kuwagawia wote sawa na wote wakadumaa. Alicheka mpaka akashika goti.

"Uliwapa sengu."

"Niliwapa sengu."

"Halafu ukamchagua huyu mfupi."

"Nikamchagua yeye. Leo jioni anauzwa."

"Na huyu mrefu hapa chini?"

"Huyo amekaa benchi."

"Tangu lini?"

"Tangu aje."

Kaka aliinama akamtazama Mrefu, ile picha ndogo ya uso, kwa muda. Nikawa naogopa atakachosema. Kwa miaka yote ile nilikuwa naliogopa neno moja la lawama kutoka kwake, na nilijua siku moja litatoka.

"Hapo benchi anakaa na nani?" akauliza.

"Na wenzake."

"Basi hana neno." Akarudi kwenye kichanja, akaanza tena kugeuza. "Na huyu mfupi, huko anakokwenda kuna mtu anamjua?"

"Kaka, hawa si watu."

"Najua si watu. Nimeuliza tu."

Akageuza kahawa mpaka mwisho wa kichanja. Aliporudi upande wangu alizungumza bila kunitazama, kama mtu anayesoma bei za gulioni.

"Baba alipokuchagua wewe, mimi nilikwenda kulia kule kwenye ngoro za chini. Nililia, nikamaliza, nikaendelea kulima. Mama hakumaliza. Mpaka amekufa, tukikaa kula, lazima aseme. Yule anakula na nani saa hizi. Akisema hivyo hata mboga inakosa ladha. Tulikuwa tunakuonea huruma sana."

Nilikuwa nimeishi na hakika kwamba nyumba ile inanitazama kama mtu aliyekula fungu la mwenzake, na kwamba kile kiti na ile sahani ni namna yao ya upole ya kunikumbusha. Kumbe walikuwa wananihurumia. Wao kumi kwenye sinia, mimi mmoja kwenye meza yangu pale ziwani, na mama yangu anakosa hamu ya kula kwa ajili hiyo. Niliumia kuliko kama ningetukanwa.

Chakula kilikuja jua likiwa bado juu ya mlima. Mkeka ukatandikwa, sinia likawekwa, kaka na watoto wakazunguka. Shemeji alikuja kwangu kwanza na maji ya kunawa, halafu sahani, halafu kijiko. Paja la kuku lilikuwa pale.

Nikasimama. Nilichukua sahani yangu, nikaenda nayo kwenye mkeka, nikaimwaga yote kwenye sinia lao, nikakaa chini, viatu vyangu nimevivua na kuviacha kando ya kiti. Magoti yalilia, sikuwa nimekaa hivyo siku nyingi. Kaka alisogea kidogo, wote wakasogea, wakanipa nafasi.

Nafasi yenyewe ilikuwa kubwa mno. Kwenye sinia watu hukaa mabega yanagusana, lakini kulia kwangu na kushoto kwangu angeweza kukaa mtu mwingine. Kila mmoja akamega upande wake tu, taratibu, bila kusukumana, bila kusema. Ule ugali uliokuwa mbele yangu haukuguswa na mkono wa mtu, na lile paja likalala pale pale lilipoangukia. Nilimega, nikachovya, nikatafuna. Ladha ilikuwa ile ile ya kwa babu na sikuweza kuifurahia.

Binti mdogo wa kaka, bado hajaanza shule, akanyoosha mkono kulichukua lile paja. Nilitamani alichukue. Nilikuwa karibu kumsogezea.

"Acha," mama yake akasema kutoka upande wa jikoni. "Hilo ni la mgeni."

Mkono ukarudi. Kaka aliinua macho akanitazama, akatazama sinia, akaendelea kumega ugali. Tulimaliza kula. Paja lilibaki.

Nilinawa, nikavaa viatu, nikasema napanda juu kutafuta mtandao. Shamba letu linapanda na mlima kutoka kijito cha chini mpaka ukingo, na pale ukingoni, ukigeukia Mbinga, simu inashika. Nilipanda katikati ya mibuni ambayo kaka ameipogoa mwenyewe kila mwaka, nikajikuta nahema. Jua lilikuwa linazama na baridi ya kwetu ilikuwa imeanza kushuka.

Nilifungua ukurasa. Mfupi alikuwa ameshaondoka. Walimpandia watu wanne, akachukuliwa na mtu wa nchi ambayo hata mkongwe wangu sijawahi kumsikia akiitaja, mtu ambaye hatujawahi kuandikiana naye neno. Katika orodha ya kikosi changu jina lake halikuwepo tena, na mahali pake palikuwa pamezibwa na jina lililofuata, kwa jinsi kompyuta isivyojua kuacha pengo. Jina lenyewe lilikuwa la Mrefu.

Nilisimama pale nikalia. Sioni haya kulisema. Kilio kilikuwa cha mchezaji asiyekuwepo, na cha mama yangu na mboga yake, na cha lile paja. Halafu nikamwombea, kama mama mwenye nyumba anavyowaombea malaika wake: huko anakokwenda akute watu.

Chini uani moshi wa jikoni ulikuwa umelala juu ya bati. Nilimwona kaka ametoka na turubai begani, amesimama mbele ya kichanja, anatazama juu mlimani akinitafuta kati ya miti. Nikadhani atamtuma mtoto aje kunichukua na tochi, kama ilivyo kawaida yao.

"Wewe," akaita, kwa Kimatengo, kwa sauti ile aliyokuwa ananiitia tukiwa wadogo na mbuzi wameingia shambani. "Umekaa huko juu unafanya nini? Shuka uje ushike upande huu tufunike kahawa, umande unaanguka."

Nikatia simu mfukoni, nikashuka mbio.